Usiku wa Nyikani Hujengwa Mchana

Hapana jambo lililozoewa zaidi na watu wetu wa pwani na wa bara kuliko kulala nje ya nyumba, wala hapana lililoandikwa kwa uchache zaidi. Mvuvi wa Pemba aendaye dago hukaa siku nyingi katika ufuo usio wake, akilala chini ya tanga au katika kibanda cha makuti, na kabla hajatweka huwa amekwisha kujua maji ya kunywa yatapatikana wapi na pepo za msimu ule zitavuma kutoka upande gani. Mkulima wa bonde la Rufiji, mpunga wake unapoanza kuiva, hupanda juu ya dungu saa ya magharibi akakesha humo ili nguruwe wasiingie shambani. Mrina asali wa misitu ya miombo upande wa Tabora hufunga unga, chumvi na shoka, akaiaga aila yake, akapotea porini kwa muda ambao mtu wa mjini angedhani amehama. Kwa hiyo kijana wa Dar es Salaam, wa Mombasa au wa Kampala anayetamani leo kwenda na rafiki zake kulala usiku mmoja au miwili katika msitu wa Udzungwa, au chini ya theluji ya Kilimanjaro, au katika uwanda wa Tsavo, haendi kujifunza desturi ngeni. Anairudia elimu ya wazee wake, lakini anairudia akiwa hakuirithi, maana elimu hiyo ilikaa vichwani na mikononi mwa watu, nayo haikumfikia yeye aliyelelewa chini ya taa ya umeme.

Kauli yangu ni moja, nami naitanguliza ili msomaji aipime mwenyewe katika yote nitakayoyasema: usiku wa nyikani hujengwa mchana. Aliyetua kambini jua lingali juu, akachagua mahali kwa macho yake, akateka maji, akatengeneza kitanda kikavu na akala akashiba, huyo amekwisha kuumaliza usiku wake kabla haujaingia, na kilichobaki ni kuufurahia. Ilhali yule aliyefika gizani, amechoka, ana njaa na nguo mbichi, hata akiwa shujaa wa mashujaa, ataiona kila sauti kuwa adui na kila saa kuwa mwaka. Hofu haiondolewi na ushujaa. Huondolewa na maarifa, na maarifa huhitaji nuru ya jua ili yatumike.

Misafara iliyotoka Bagamoyo na Pangani kwenda Unyamwezi na Ujiji katika karne ya 19 iliijua kanuni hii vizuri mno. Ilikuwa ada kung'oa kambi alfajiri, kirangozi akitangulia, na kutua karibu na adhuhuri, ingawa miguu ya watu ingaliweza kuendelea mbele. Mpagazi aliyebeba mzigo wa ratili 60 au 70, yaani takriban kilo 30, hakuruhusiwa na hekima ya njia kuutumia mchana wote katika kutembea, kwa sababu mchana uliosalia ulikuwa na kazi yake: hawa walikata miiba ya kuzungushia boma, hawa waliteka maji, hawa walitafuta kuni, na hawa walikwenda vijijini kununua mtama na kuku. Sidi Mubarak Bombay, aliyefika Ziwa Tanganyika pamoja na Burton na Speke mwaka 1858, na baadaye akafuatana na Stanley, na hata akalivuka bara zima pamoja na Cameron, alikuwa mmoja wa watu walioibeba elimu hiyo. Na ni haki kusema kwamba wasafiri wa Ulaya waliosifiwa duniani kote kwa safari zile walilala salama ndani ya maboma ambayo hawakuyajenga wao.

Sababu ya kutua mapema ina nguvu zaidi kwetu kuliko kwa watu wa nchi za baridi. Hapa karibu na ikweta jua huzama baina ya saa 12 na saa 1 jioni mwaka mzima, tena huzama kwa haraka, na utusitusi unaofuata hauchukui hata nusu saa kabla giza halijawa giza totoro. Vitabu vya safari vilivyoandikwa Ulaya, ambako jioni za kiangazi huvutwa hadi saa 4 usiku, humzoeza msomaji kudhani kwamba jioni ni ndefu. Kwetu sivyo. Nasema saa 10 alasiri iwe ndiyo saa ya mwisho ya kufika, na kama mahali palipokusudiwa hapajafikiwa saa hiyo, basi patafutwe pengine palipo karibu, kwa kuwa hapana kambi nzuri inayostahili kutafutwa kwa tochi.

Katika saa mbili za nuru zilizobaki, kazi ya kwanza ni kuitazama ardhi. Jicho liinuliwe juu kwanza, lione kama lipo tawi lililokauka ambalo upepo wa usiku utaliangusha juu ya hema. Kisha lishuke chini, lione njia za wanyama. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula majani, akapita njia ile ile aliyoipita jana na juzi, na aliyepiga hema katika njia hiyo, au baina ya kiboko na mto wake, amejiweka mahali pa hatari kubwa kuliko anavyofahamu. Mng'ongo uliozaa ni mti wa karamu kwa tembo, basi asilale mtu chini yake. Safu ya siafu ikionekana, hema lihamishwe siafu wakiwa bado safuni. Na mchanga wa korongo, ulio laini na sawasawa na unaomvutia kila mgeni, ndio usiolaliwa kabisa, kwa maana mvua iliyonyesha mbali, upande wa juu ambako wewe huoni hata wingu, hushuka kwa kishindo pasipo taarifa. Katika magenge ya Hell's Gate, karibu na Naivasha nchini Kenya, watu 7 walichukuliwa na maji ya namna hiyo mwezi wa Septemba 2019, nao walikuwa watembezi wa mchana tu, wenye macho ya kuona na miguu ya kukimbilia. Aliyelala angefanya nini?

Nimeona kwamba watu wanaojitayarisha kwa safari hizi hutumia fikira zao nyingi katika simba, na fikira chache katika baridi, moshi na maji. Silaumu hofu ya simba, kwa kuwa ina historia. Wajenzi wa reli ya Uganda waliotwaliwa mahemani mwao usiku huko Tsavo mwaka 1898 hawakusahauliwa, na hadithi yao imevuka bahari. Lakini hofu ikipewa elimu huwa tahadhari. Watafiti waliokusanya habari za zaidi ya watu 1,000 walioshambuliwa na simba nchini Tanzania baina ya mwaka 1988 na 2009 waligundua kwamba mashambulio mengi yalitokea katika saa za kwanza za usiku, hasa katika siku zinazofuata mwezi mpevu, wakati ambapo mwezi huchelewa kuchomoza na kuyaacha magharibi na isha katika giza. Mtu anayehesabu siku za mwezi, kama wazee wetu walivyozihesabu kwa ajili ya ibada na kwa ajili ya bamvua, anapata hapa faida ya dhahiri: usiku wa mwezi 13 au 14 una nuru tangu jua linapozama, na usiku wa mwezi 17 au 18 sharti jamaa wote wawe wamekwisha kula na kukusanyika mapema. Tena tukumbuke ni nani walioumizwa. Wengi walikuwa wanavijiji wa kusini mwa nchi, na miongoni mwao wakulima waliolala mashambani katika vibanda hafifu wakiyalinda mazao yao, wala hawakuwa wageni wa mahema. Hema lililofungwa zipu yake mpaka chini, pasipo mtu kutokeza mkono wala kichwa nje, kwa kawaida simba hupita kando yake kama kwamba ni jiwe. Basi hema lifungwe hata joto likizidi, na asilale mtu barazani kwa sababu ya kutafuta upepo, kwa kuwa fisi naye yupo, na fisi ana ujasiri mbele ya aliyelala.

Sasa niseme habari ya baridi, ambayo kwa maoni yangu ndiyo inayoharibu furaha za watu wengi zaidi, na milimani ndiyo inayoua. Kila mita 1,000 za kupanda hupunguza joto la hewa kwa nyuzi 6 hivi za Selsiasi. Moshi mjini ukiwa na nyuzi 18 usiku, mtu aliyelala katika kambi ya Horombo huko Kilimanjaro, mita 3,720 juu ya bahari na karibu mita 2,900 juu ya mji ule, atakuwa katika baridi iliyokaribia barafu, na upepo ukivuma mwili utaipokea kuwa barafu hasa. Mtu wa pwani, ambaye maisha yake yote blanketi limekuwa pambo la kitanda, haamini hesabu hii mpaka usiku umfundishe. Na ajue kwamba baridi kubwa haitoki juu, hutoka chini: ardhi huunyonya mwili joto usiku kucha, kwa hiyo mkeka mnene au godoro jepesi la sponji la kutandika chini lina thamani kuliko blanketi la pili la kujifunika juu. Nguo za kulalia ziwe kavu, zikae peke yake katika mfuko usiopenya maji, wala zisivaliwe mchana hata kwa dharura, kwa sababu jasho la kutwa ni baridi ya usiku. Kofia ya sufu ivaliwe kitandani. Chakula cha usiku kiwe na mafuta na utamu, kwa kuwa tumbo lililoshiba ndilo jiko la mwili. Na mwenye chupa madhubuti aijaze maji ya moto, aifunge vizuri, aivike soksi na kuiweka baina ya mapaja ndani ya fuko la kulalia. Raha atakayoipata haina bei.

Nimelitaja jiko, nami sina budi kusimama hapa na kusema kwa mkazo kuliko mahali pengine popote katika sura hii. Jiko la mkaa lisiingizwe hemani. Lisiingizwe likiwa na moto, wala lisiingizwe likiwa moto wake unaonekana umekufa, kwa kuwa makaa yaliyofifia, yanayoungua polepole pasipo hewa ya kutosha, ndiyo yanayotoa kwa wingi ile hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi, ambayo haina rangi, haina harufu, haiwashi macho wala haikohozi kifua. Inaingia katika damu na kuchukua mahali pa hewa ya uhai, na dalili zake ni kichwa kuuma, uchovu na usingizi, yaani mambo yale yale ambayo mtu aliyetembea kutwa huyatazamia. Hivyo mwenye kufa hadhani kwamba anakufa, hudhani amechoka. Kila msimu wa baridi tunasikia katika miji yetu ya nyanda za juu habari za watu wa nyumba moja waliofunga madirisha, wakaliweka jiko chumbani na wasiamke. Hema ni dogo kuliko chumba, na turubai lililolowa mvua halipitishi hewa. Jiko la gesi na la mafuta ya taa yamo katika hukumu hiyo hiyo. Moto wote ukae nje, baridi iwe kali namna gani, na anayetetemeka asaidiwe kwa nguo, kwa chai, kwa chupa ya maji ya moto na kwa kulala karibu na wenzake.

Maji nayo ni amana ya mchana. Lita moja ina uzani wa kilo moja, na mtu mzima atembeaye juani huhitaji lita 3 au 4 za kunywa kwa siku, mbali na za kupikia, kwa hiyo jamaa wa watu wanne wasioijua chemchemi watabeba mzigo utakaowachosha, na wanaoijua watabeba kidogo. Kuuliza habari za maji kwa mwenyeji, na kuuliza maji ya mwezi huu, maana kijito cha masika huwa vumbi wakati wa kiangazi, ni sehemu ya safari inayofanyika nyumbani. Maji ya mto yachemshwe hata yakionekana safi kama kioo. Dakika moja ya kutokota inatosha kuua vijidudu vya maradhi katika nchi za chini, na dakika tatu zitumike juu ya mita 2,000, ambako maji hutokota kabla hayajawa na moto wa kutosha. Maji yaliyotuama ya maziwa na mabwawa yasiogewe pasipo ushauri wa wenyeji, kwa hofu ya kichocho, ambacho huingia kwa njia ya ngozi.

Chakula sitakisemea mengi. Wasafiri wa jahazi na wa nchi kavu walikwenda mbali kwa tende, karanga, unga na samaki mkavu, na hata leo sijaona vilivyo bora kwa uzito wake. Viwekwe katika mikebe yenye mifuniko, kwa kuwa mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya tangu 2017 na Tanzania tangu 2019, na mikebe humshinda hata tumbili. Kisilazwe chakula chochote hemani, hasa machungwa na maembe, maana tembo husikia harufu ya tunda kutoka mbali na turubai kwake si ukuta.

Kama msomaji ataka mfano wa matayarisho yaliyofanywa na watu wasio na kitu, na auchukue huu wa Mlima Kenya. Mwaka 1943, katika kambi ya wafungwa wa vita namba 354 huko Nanyuki, alikuwako Mwitalia jina lake Felice Benuzzi, ambaye kila asubuhi aliuona mlima ule juu ya waya wa miiba mpaka ukamteka moyo. Yeye na wenzake wawili, Giovanni Balletto aliyekuwa tabibu na Vincenzo Barsotti, walijitayarisha kwa muda wa miezi kwa siri: walifua nyundo zikawa mashoka ya barafu, walitengeneza meno ya viatu kwa vyuma vya magari mabovu, walisokota kamba za katani zilizotoka katika vitanda vya kambi, walijiwekea akiba ya chakula kidogo kidogo kutoka katika posho yao, na kwa kuwa hawakuwa na ramani waliutumia mchoro wa mlima uliokuwa juu ya karatasi ya mkebe wa nyama. Walitoroka tarehe 24 Januari, wakapita msituni, wakakishindwa kilele cha Batian ambacho ni cha mita 5,199, lakini tarehe 6 Februari wakasimama juu ya Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya nchi yao, kisha wakarejea kambini kwa hiari yao wenyewe, njaa imewakondesha. Hukumu yao ilikuwa siku 28 za kifungo cha peke yao, na mkuu wa kambi akazipunguza kuwa 7 kwa kuustahi ushujaa wao. Mimi ninalostahi zaidi ni ile miezi ya kusokota kamba. Vifaa vyao vilikuwa duni kuliko vya maskini yeyote wa leo, lakini hapakuwa na kimoja ambacho hawakukijua kwa mikono yao, ilhali mara nyingi nimeona watu wenye hema la bei kubwa wanalifungua kwa mara ya kwanza jioni, upepo unavuma, wasijue kigingi kipi ni cha wapi. Hema lipigwe uani nyumbani kabla ya safari. Jiko liwashwe nyumbani. Viatu vitembelewe mpaka vimzoee mwenyewe.

Juu ya milima mirefu yako maradhi ya kimo, yanayoanza kwa wengi baada ya mita 2,500 au 3,000: kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mbaya. Dawa yake ya kinga ni kupanda polepole, usiku mmoja usizidi uliotangulia kwa zaidi ya mita 500 hivi, na dawa ya kutibu ni kushuka. Mwenye kuyumba katika mwendo, au kukosa pumzi hali amekaa, ashushwe usiku ule ule, asingojewe mapambazuko. Neno hili limewaponya wengi, na kiburi cha kutaka kufika kileleni kimewazika wengine.

Kwa hiyo safari yahitaji mkuu, naye ajulikane kabla ya kuondoka. Katika Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na isiyo na barabara ndani yake, wanaokwenda kulala msituni huandamana na askari wa hifadhi mwenye bunduki, na sioni sharti lililo la haki zaidi, kwa kuwa mtu huyo huijua sauti ya nyati katika kichaka kabla wewe hujaona jani likitikisika. Asemapo simameni, watu wasimame kwanza, na maswali yawe baadaye. Wapagazi waheshimiwe vivyo hivyo. Kilimanjaro mzigo wa mmoja wao umewekewa mpaka wa kilo 20, na mwenye dhamiri hamwachi mpagazi wake alale katika baridi ambayo yeye mwenyewe aliikimbia. Na nyumbani abaki mtu mmoja mwenye karatasi iliyoandikwa njia, majina ya waliokwenda, na siku na saa ya kurudi, pamoja na simu ya ofisi ya hifadhi, kwa sababu mtandao hukatika mabondeni na filimbi, ijapokuwa nzuri, haisikiki mjini.

Wadudu na nyoka wana adabu zao. Mbu wa malaria huuma usiku, basi chandarua na mikono mirefu vianze magharibi. Ndorobo, inzi aletaye malale, huuma mchana, tena huvutwa na rangi ya buluu na nyeusi, ambazo ndizo wataalamu huzitumia katika mitego yao, kwa hiyo nguo za safari katika nchi ya miombo ziwe za rangi ya udongo au majani makavu. Moma, ambaye wengine humwita kifutu, hakimbii asikiapo nyayo kama nyoka wengine wafanyavyo, hulala njiani akitumaini kutoonekana. Ndiyo maana asitembee mtu usiku pasipo tochi wala pasipo viatu, na viatu hivyo vikung'utwe kabla ya kuvaliwa. Aliyeumwa asichanjwe, asinyonywe jeraha, asikazwe kamba. Atulizwe, avuliwe pete, kiungo kilichoumwa kifungiwe kijiti kisitikisike, kisha abebwe hospitali.

Haya yote yakiisha kutengenezwa, usiku huingia nao ni neema. Katika misitu ya milimani perere atalia, mnyama asiyezidi sungura kwa ukubwa, kwa ukelele wa kukwaruza unaopanda na kupanda hata mgeni aape kwamba mtu anachinjwa. Komba atamjibu kwa kilio cha mtoto mchanga. Na ambaye ameambiwa habari zao mchana atatabasamu gizani, na kabla ya usiku wa manane atakuwa amekwisha kuwatofautisha. Fisi husikika mbali kuliko alipo. Na mahali pasipo miti, wakati wa kipupwe, Nge, yaani kundi la nyota, hupanda mashariki jioni akavuta nyuma yake ukanda mweupe wa nyota ambao mtoto wa mjini hakuwahi kuuona, na atakayeamka kabla ya alfajiri mwezi wa Julai ataiona Kilimia, kundi jingine la nyota, imerudi, ile ambayo wakulima na manahodha waliiangalia kwa kujua majira. Nashauri taa zizimwe zote kwa nusu saa, watu wakae kimya karibu na hema, macho yazoee. Wazazi wawachukue watoto wao. Hapana darasa la mbinguni lililo bora, wala lililo rahisi kulipata, na sielewi kwa nini shule zetu nyingi zinawafundisha watoto majina ya sayari katika vyumba vyenye dari.

Asubuhi moto uzimwe kwa maji, makaa yakorogwe, yazimwe tena, na mkono uwekwe juu ya majivu usisikie joto. Moto uliozuka Oktoba 2020 mahali paitwapo Whona, baina ya kambi za Mandara na Horombo za Kilimanjaro, uliwaka mlimani kwa siku nyingi, na wenye mamlaka walisema chanzo chake ni wapagazi waliokuwa wakipasha chakula: watu wazoefu, wenye shughuli ndogo ya kawaida. Shimo la choo lililochimbwa kiganja kirefu kwenda chini, hatua 70 au zaidi kutoka majini, lifukiwe. Takataka zirudi mjini na waliozileta.

Na matayarisho hayaishi mlangoni pa nyumba. Homa ya malaria aghlabu huchukua siku 10 hadi majuma 4 tangu mbu alipouma, na kichocho na malale huweza kuchelewa zaidi, hivi kwamba mtu huugua wakati ambapo hema limekwisha kukauka na safari imekuwa hadithi. Mkazi wa Nairobi au wa Arusha, miji ambamo mbu wa malaria si wengi, akishikwa na homa katika muda huo asingoje ipite yenyewe, aende kupimwa damu siku ile ile, na amwambie daktari pasipo kungoja kuulizwa kwamba alilala nyikani, mahali gani, lini, maji gani aliyaoga, na kama yuko mdudu aliyemuuma akamwachia kidonda.